UZI: Ukijiona umefeli maisha, Biblia inaanzia wapi na wewe?

#1 Mwanafunzi_wa_Neno

Wakuu, Bwana Yesu asifiwe. Ndugu zangu Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo.

Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka, kila duka likifungwa, kila uchumba ukivunjika, magrupu hurusha mistari ileile mitatu: Yeremia 29:11, ile ya mawazo ya amani, Wafilipi 4:13, ile ya nayaweza mambo yote, na Kumbukumbu la Torati 28:13, ile ya kichwa wala si mkia. Aliyefeli anajibu "Amina", anazima data, anabaki alipokuwa. Wengine wanazidi kuumia, maana wameongezewa mzigo wa pili: ahadi ipo, kwangu haifanyi kazi, basi hata imani yangu imefeli.

Mistari haina kosa, imenyofolewa tu. Yeremia 29 ni barua kwa watu waliokwisha kuchukuliwa mateka Babeli. Mstari mmoja kabla ya ule tunaoupenda unasema miaka 70. Mstari wa 5 unawaambia wajenge nyumba na kupanda bustani hukohuko ugenini. Na sura ya 28 yupo Hanania, nabii aliyewaahidi kwamba mambo yatakwisha ndani ya miaka 2. Watu walimpenda, ila alikuwa mwongo. Wafilipi 4:13 inatanguliwa na Paulo akiwa kifungoni anaeleza kwamba amejifunza kushiba na kuona njaa pia. Kumbukumbu 28 ni maneno ya agano na taifa zima la Israeli, hayakuandikwa kuhusu divisheni ya mtoto wako.

Ukitaka kuona Mungu anavyomshughulikia mtu anayesema "nimeshindwa", fungua 1 Wafalme 19. Nabii Eliya ametoka kuwashinda manabii wa Baali mlimani Karmeli, lakini malkia Yezebeli ametishia kumuua na nchi haijabadilika. Anakimbia hadi Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake pale, anaingia jangwani peke yake mwendo wa siku moja, anaketi chini ya mretemu, kijiti cha jangwani, na kuomba afe. Sababu anayoitoa: "mimi si mwema kuliko baba zangu." Hayo ni maneno ya mtu aliyejipima akajiona sifuri.

Sasa fuata mpangilio wa sura, maana mpangilio wenyewe ndiyo dawa.

Mstari wa 5 hadi 8: usingizi, mkate uliookwa juu ya makaa, gudulia la maji, usingizi tena, chakula tena. Malaika hatoi hata sentensi moja ya mahubiri, anasema tu "Inuka, ule", na mara ya pili anaongeza kwamba safari ni kubwa mno kwake. Kwa hiyo mtu ambaye hajalala wala kula vizuri siku mbili usimpangie mfungo mkavu wa siku tatu. Kosa hili linafanyika sana kwenye maombezi. Mwili ulioishiwa nguvu unaleta mawazo ya giza, kisha giza hilo linaitwa shambulio, anaongezewa mfungo, anazidi kuishiwa. Siku mbili tatu za kwanza ni uji, ugali, maji na kulala mapema, pamoja na sala fupi za sentensi moja.

Mstari wa 9 na 13: swali moja linaulizwa mara mbili, "Unafanya nini hapa, Eliya?" Naye anajibu vilevile mara zote mbili, na Mungu hamkatizi. Mwache mtu aseme habari yake hata akiirudia.

Mstari wa 15 hadi 18: ndipo anasahihishwa. Eliya amesema amebaki peke yake. Rudi sura ya 18:13 uone: Obadia alishamwambia kwa mdomo wake kwamba ameficha manabii 100 pangoni, hamsini hamsini, anawalisha. Eliya alikuwa na taarifa hiyo, uchungu ukaifuta. Mungu anamwambia wako 7,000. Kisha anampa kazi tatu, kumpaka mafuta Hazaeli na Yehu wawe wafalme, na Elisha awe nabii. Kwa mkono wake mwenyewe Eliya alimfikia mmoja tu, Elisha, tena kwa kumtupia vazi. Habari za Hazaeli na Yehu zilikuja kukamilika baadaye kupitia kwa Elisha, 2 Wafalme 8 na 9. Na Mungu hakumwita mtumishi aliyeacha kazi nusu.

Karibuni tuongeze nyama.

#2 Kijana_wa_Mbagala

Mkuu umenena. Ila Eliya hakukosa kitu, alichoka tu. Sasa yule aliyefeli kwa ujinga wake? Amekula ada, amekula mtaji wa kikundi, amebeti. Huyo utampa mkate na usingizi?

#3 Mama_Jumuiya

Kijana, swali zuri. Huyo tumpeleke kwa Petro, na tumweke Yuda pembeni yake, maana wote wawili waliharibu ndani ya usiku mmoja na wote wawili walijuta.

Mathayo 27:3-5: Yuda alikiri wazi kwamba amekosa, tena alirudisha vile vipande 30 vya fedha. Majuto yalikuwepo, maungamo yalikuwepo, hata malipo yalikuwepo. Lakini aliyapeleka kwa makuhani wakuu waliomnunua, nao wakamjibu, haya yatupasani sisi? Yaangalie wewe mwenyewe. Akatoka pale akiwa peke yake. Kwa hiyo la kwanza kabisa: angalia unakiri kwa nani. Usiungame kwa mtu aliyenufaika na kosa lako, wala kwa mtu ambaye aibu yako itakuwa habari ya kwenye kikundi jioni hiyohiyo. Mkatoliki ana kitubio, na siri ya maungamo inamfunga padri moja kwa moja. Mlutheri au Mwanglikana anaweza kuomba maungamo ya faragha kwa mchungaji wake. Mpentekoste atafute mzee wa kanisa mmoja mwenye kifua.

Petro naye: Yesu alimwombea kabla hajaanguka, na alimwambia utakapoongoka waimarishe ndugu zako, Luka 22:32. Baada ya ufufuko ujumbe wa kaburini unamtaja kwa jina, "wanafunzi wake na Petro", Marko 16:7. Halafu Yohana 21. Alikuwa na wenzake, ukihesabu mstari wa 2 wanafika saba. Walivua usiku kucha wakatoka kapa. Asubuhi wanakuta moto wa makaa, samaki na mkate. Mara ya mwisho Petro kusimama kwenye moto wa makaa alikuwa anamkana Bwana, Yohana 18:18. Mstari wa 15 unaanza "walipokwisha kula". Maswali matatu yanakuja baada ya kifungua kinywa, na kila jibu linafuatiwa na kazi ya kondoo. Kosa halikufunikwa, maana aliulizwa mara tatu sawasawa na alivyokana mara tatu. Lakini liliguswa na mtu aliyemlisha kwanza.

Kama umekula pesa za kikundi, toba ina sehemu tatu, nazo usizichanganye. Kumwambia Mungu: leo. Kumwambia mwenyekiti au mweka hazina: kabla ya kikao kijacho, ana kwa ana, ukitaja kiasi kamili ulichochukua, usiseme "kuna hela kidogo nilitumia". Kurudisha: kwa ratiba iliyoandikwa. Watu huifanya ya kwanza kila wiki kwa machozi na kuahirisha ya pili mwaka mzima, halafu wanashangaa kwa nini dhamiri haitulii.

#4 Mhasibu_Mpole

Mama Jumuiya shikamoo. Niongezee hapo kwenye ratiba, maana nusu ya wanaosema "nimefeli maisha" ukiwachimba unakuta ni deni.

2 Wafalme 4:1-7, mjane anayedaiwa, aliyetaka kuchukua watoto wake yuko mlangoni. Elisha anamuuliza una nini nyumbani. Muujiza unakuja, lakini maagizo ya mwisho ni ya kihasibu: uza mafuta, lipa deni, ishini kwa kinachobaki. Deni linatangulia.

Chukua daftari, chora safu tano: ninayedaiwa naye, kiasi kamili, riba, tarehe ya mwisho, dhamana. Usiandike kwa kukumbuka, fungua meseji na risiti. Mfano: VICOBA 400,000, mkopo wa simu 150,000, duka la jumla 250,000. Jumla 800,000. Kichwani mwa mtu anayekosa usingizi deni hilo huwa kama milioni tatu, na kuliona kwa tarakimu peke yake kunapunguza presha.

Kisha toa kipato cha mwezi, ondoa chakula, kodi ya nyumba na nauli. Ikiwa unapata 300,000 na hayo yanakula 220,000, unabaki na 80,000. Hiyo ndiyo unayogawa. Riba ikisimama ni miezi kumi. Anza na deni lenye riba inayopanda kila wiki, na lile ambalo dhamana yake ni kifaa cha kazi: cherehani, pikipiki, friji ya duka. Nenda kwa mdai kabla hajakufuata. Mithali 6:1-5 inamwambia aliyejifunga kwa dhamana ya mwenzake aende akajinyenyekeze asilale kwanza. Ahidi kidogo unachoweza. Anayeahidi 100,000 akashindwa mwezi wa pili anapoteza zaidi ya anayeahidi 30,000 akaleta miezi yote.

Panapoharibika ni hapa: kukopa pa pili ili kulipa pa kwanza, hasa hii mikopo ya kausha damu yenye riba ya kuumiza. Na kupeleka "sadaka ya mbegu" ili deni lifutike. Marko 7:11-13 Yesu aliwakemea waliosema mali hii ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, huku wazazi wao wana haki nayo. Hela ya mdai na unga wa watoto usiigeuze kuwa mbegu.

#5 Mlinzi_wa_Lango

Mnaongea vizuri lakini mnakwepa. Ukoo mzima hakuna aliyefika chuo, hakuna biashara inayodumu. Hiyo ni madhabahu ya ukoo, laana iliyotoka kwa mababu. Kutoka 20:5, Mungu anawapatiliza wana uovu wa baba zao hata kizazi cha tatu na cha nne. Bila kuvunja hiyo, daftari na uji havitasaidia.

#6 Mwanafunzi_wa_Neno

Mlinzi, sidharau vita vya kiroho, Waefeso 6 ipo. Ila mstari uliotaja malizia: ni kizazi cha tatu na cha nne "cha wanichukiao", na mstari wa 6 rehema zinakwenda kwa maelfu elfu wampendao. Ezekieli 18 yote ni majibu kwa watu waliokuwa wakisema baba zetu wamekula zabibu mbichi, sisi meno yanatufa ganzi. Mungu akawaambia hawatautumia mfano huo tena. Mstari wa 20: mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Na Yohana 9:3, wanafunzi waliuliza nani alitenda dhambi, huyu au wazazi wake, Yesu akakataa yote mawili.

Halafu uangalie na mengine. Ukoo ambao watoto wanatembea kilomita nane kwenda shule na wanarudi kuchota maji, matokeo yao yana maelezo kabla hujafika kwenye madhabahu. Omba na mtu, sawa kabisa. Akikuambia ulete laki mbili ili laana ivunjwe, ondoka. Petro alimwambia Simoni, aliyetaka kununua kipawa cha Mungu, fedha yake ipotelee mbali pamoja naye, Matendo 8:20.

Na kwa mzazi wa mwanafunzi aliyepata ziro: anaweza kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, na vyuo vya ufundi vya VETA viko wazi. Mwambie hayo baada ya siku chache, siyo jioni ya matokeo. Jioni ya matokeo asilale chumba cha peke yake.

#7 Katekista_Mstaafu

Nataka kusema jambo moja tu la sala, maana watu wanaambiwa "omba" bila kuonyeshwa namna.

Zaburi ya 13 ina mistari sita na inagawanyika mbili mbili. Mstari wa 1 na 2 ni malalamiko, "hata lini" inatajwa mara nne. Wa 3 na 4 ni ombi: uangalie, uniitikie, uyatie nuru macho yangu. Wa 5 na 6 ni tumaini. Chukua kalamu uandike ya kwako kwa kipimo hichohicho. Sentensi nne za "hata lini", zitaje kwa majina yake: hata lini nitakwepa simu ya mwenye nyumba. Sentensi mbili za ombi, moja iwe ya leo, siyo ya maisha yote. Sentensi moja au mbili za tumaini, na hapa uchukue jambo ambalo Mungu amekwisha kulitenda, kama mwandishi anavyosema "amenitendea kwa ukarimu". Isizidi nusu ukurasa. Isome kwa sauti asubuhi na usiku, siku saba, bila kuibadilisha.

Watu wa makanisani hukosea kwa kuruka mistari minne ya kwanza na kukimbilia ya tano, kwa sababu wamefundishwa kwamba kulalamika ni kukufuru. Kosa la upande wa pili ni kubaki kwenye mstari wa 2 mwezi mzima, pale anaposema "nifanye mashauri nafsini mwangu", yaani kichwa kinazunguka palepale usiku kucha. Ndiyo maana iandikwe na iwe na mwisho.

Zaburi 42 na 43 nazo zina kiitikio kimoja mara tatu, "Nafsi yangu, kwa nini kuinama". Mwenye zaburi anaisemesha nafsi yake badala ya kuisikiliza tu. Hicho kiitikio kinafaa njiani, kwenye daladala.

#8 Nesi_Zamu_ya_Usiku

Kwa upande wa hospitali. Kujiona umefeli kwa siku kadhaa baada ya pigo ni kawaida. Ikipita wiki mbili, karibu kila siku na sehemu kubwa ya siku, mtu hana raha hata ya vitu alivyopenda, usingizi umevurugika, hamu ya kula imeondoka au imezidi, anajiona hana thamani, anashindwa kufikiri, hiyo inaweza kuwa sonona. Ni ugonjwa, anahitaji kupimwa. Anza kituo cha afya au hospitali ya wilaya, waombe wakuelekeze kwenye huduma ya afya ya akili. Kuna Mirembe kule Dodoma, Muhimbili kwa Dar, na Mathari kwa walio Nairobi. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake. Watu wengi huziacha wiki ya pili wakisema hazifanyi kitu, au kwa sababu wameambiwa wamepona madhabahuni. Usiache ghafla bila daktari, na sala haikatazi kidonge.

Mtu akigusia kufa, hata kwa mzaha wa "bora nisingekuwepo", muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpi wazo ambalo hana. Akikubali, usimwache peke yake, toa ndani ya nyumba dawa za shambani na vidonge vilivyobaki, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Usimhubirie moto wa jehanamu. Ana aibu ya kutosha tayari, ukimwongezea atanyamaza, na akinyamaza hutajua tena.

#9 Kijana_wa_Mbagala

Nesi asante, hiyo ya kuuliza wazi nilikuwa naiona kinyume. Swali jingine wakuu: mtu aliyeshindwa kazi ya Mungu yenyewe je? Mchungaji aliyefunga kanisa, mwinjilisti asiye na waumini.

#10 Msomaji_wa_Historia

Yohana Marko. Matendo 13:13 anawaacha akina Paulo Perge na kurudi Yerusalemu. Sura ya 15 Paulo anakataa kwenda naye tena, mabishano yakawa makali hadi Paulo na Barnaba wakaachana. Barnaba akamchukua Marko, wakapanda chombo kwenda Kipro. Zaidi ya miaka kumi baadaye, 2 Timotheo 4:11, Paulo anaagiza aletwe, "maana anifaa kwa utumishi". Aliyemrudisha kazini ni ndugu yake aliyekubali kusafiri naye, Wakolosai 4:10 inataja udugu wao. Mtu aliyeanguka kwenye huduma mtafutie Barnaba mmoja na safari fupi, usimpe jukwaa kubwa haraka.

Hapa kwetu pwani: mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Julai mwaka huohuo akamzika mkewe Rosine na mtoto mchanga, kaburi liko upande wa Nyali. Mmisionari mwenzake Johannes Rebmann akaungana naye mwaka 1846, wakaweka kituo Rabai. Krapf alitaka mlolongo wa vituo kukatiza Afrika nzima, haukutokea. Aliondoka mwaka 1853 afya ikiwa imeharibika. Rebmann alibaki hadi 1875, akatoka akiwa karibu kipofu, akafa mwaka uliofuata. Waliobatizwa miaka yote hiyo walihesabika kwa vidole, na wa kwanza, Mringe, alikuwa mlemavu mgonjwa aliyekaribia kufa. Kamusi ya Kiswahili ya Krapf ilichapwa mwaka 1882, yeye alikufa 1881. Siwaambii kwamba "mwishowe walishinda", maana Rebmann hakuona ushindi wowote wa kuhesabu. Nasema tu kwamba ripoti ya mwaka haikuwa kipimo cha wito wao, na aliyefunga kanisa la watu kumi na wawili asilinganishe na ripoti ya mwenzake.

#11 Mama_Jumuiya

Marahaba Mhasibu, nilipitiliza salamu yako.

Kwa wanaokwenda kufariji: rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba, 2:13, waliketi chini naye bila neno. Waliharibu walipofungua mdomo, na 42:7 Mungu anawakasirikia wao. Nenda watu wawili, msizidi watatu. Dakika arobaini zinatosha. Beba kitu cha kupika, kipikeni. Someni zaburi moja, isiwe sura nne. Usiulize "ilikuwaje" kama hajaanza mwenyewe, na usitoe mfano wa mtoto wa fulani aliyefeli sasa ni mkurugenzi. Rudi baada ya siku tatu, maana siku ya kwanza wanakuja wengi na siku ya kumi hayupo mtu.

#12 Kijana_wa_Mbagala

Na ushuhuda? Kanisani wanamwambia asimame atoe ushuhuda ili apokee nguvu, wakati bado anadaiwa.

#13 Mwanafunzi_wa_Neno

Asilazimishwe. Makanisa yetu mengi yamezoea ushuhuda uliokwisha: nilikuwa mgonjwa, nimepona. Anayesimama kabla ya kufika huko hujikuta anatunga mwisho ili watu wapige makofi, na Jumatatu anaamkia kwenye uongo wake. Paulo alitoa ushuhuda wa jambo ambalo halikuondolewa, 2 Wakorintho 12:8-9, ameomba mara tatu na jibu likawa neema yangu yakutosha.

Akitaka kweli kusema, aseme dakika tatu: nilichokosea au kilichonipata, nilichofanya hadi sasa, ninachoomba mniombee. Asitaje kiasi cha deni, asimtaje mdai wala mwenzi wake, na mchungaji ajue mapema atasema nini. Na simu zisirekodi.